Bahasha ya Mutsamudu

Kabati lilikuwa wazi, mlango wake umepinda, na Bi Hadjira amesimama mbele yake mikono kiunoni, hataki mtu aliguse.

"Hata wewe," alimwambia Inspekta Mouhidine. "Utaligusa baada ya kuniambia umeona nini."

Mouhidine alikuwa na miaka ishirini na miwili katika polisi ya Moroni, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa mtihani na mwenye kuibiwa. Akachuchumaa. Magoti yakalia.

"Naona bisibisi sakafuni. Naona rafu tupu. Kimeibwa nini?"

"Bahasha tatu."

"Zilikuwa na pesa?"

"Zingekuwa na pesa ningekwisha kunywa chai yangu nikasahau. Zilikuwa na uamuzi."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Septemba ya mwaka 1998. Bi Hadjira, mjane wa miaka sitini na mmoja, ndiye mwenye kampuni ya Mawardi, inayonunua mafuta ya ilangilangi, karafuu na vanila na kuwauzia watengeneza manukato wa Ulaya. Ofisi yake ilikuwa hapo Moroni, juu ya bandari ya zamani. Ghala lake lilikuwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Zamani hilo halikuwa tatizo. Lakini mwaka uliotangulia Nzwani ilikuwa imetangaza kujitenga na Komoro, ikapandisha bendera yake, simu za huku na kule zikawa hazipatikani, na Bi Hadjira akaamka akakuta kampuni yake ina kichwa huku na tumbo ng'ambo.

Ndipo aliponunua programu ya kompyuta ya kuendeshea biashara. Mapipa yaliyoingia, mapipa yaliyotoka, oda za wateja, yote mahali pamoja, na taarifa zikivuka bahari ndani ya disketi mfukoni mwa msafiri. Programu ilikwisha nunuliwa. Kilichobaki ni kuchagua mshirika wa kuifunga, kuwafundisha wafanyakazi na kubaki nayo siku ikigoma.

"Na hapo ndipo watu wanapoumia, Inspekta. Wananunua programu nzuri, wanamkabidhi mtu ambaye hajawahi kuona pipa."

Waombaji walianza watatu. Wa Morisi alijitoa aliposikia habari za bunduki. Wakabaki wawili: kampuni moja kubwa ya Reunion, na Touhfat, binti wa miaka ishirini na saba mwenye duka dogo la kompyuta hapo hapo Moroni. Wachaguzi nao walikuwa watatu: Bi Hadjira mwenyewe, Bwana Idarousse ambaye ni msimamizi wa ofisi, na Fahami, mkuu wa ghala la Mutsamudu. Kila mmoja aliandika chaguo lake na sababu zake, akafunga bahasha. Ya Fahami ilivuka kwa msafiri, ikafika Alhamisi jioni. Zote zilifungiwa kabatini zije zifunguliwe Jumamosi saa nne, mbele ya mashahidi. Ijumaa, ofisi ilipofungwa kwa ajili ya sala, Bi Hadjira aliziona bado zipo.

Jumamosi saa nne ndiyo hii, na kabati tupu.

Bwana Idarousse aliingia bila kubisha hodi. Mtu mrefu, kanzu yake nyeupe inang'aa, kofia ya kazi ya sindano imekaa sawasawa.

"Usijisumbue, Inspekta," alisema. "Iangalie hiyo bisibisi."

Kwenye mpini wa bisibisi palikuwa na herufi T iliyochorwa kwa rangi ya kucha.

"Ya Touhfat," alisema Idarousse. "Ufunguo wa mlango wa nje anao, alipewa aje kufunga mashine za majaribio. Ameshindwa, ameona aibu, ameiba. Tena ni mtu wa kule."

"Kule wapi?"

"Mutsamudu."

"Alikuja hapa na miaka sita," alidakia Bi Hadjira. "Mwaka sabini na saba, pamoja na watu wetu waliofukuzwa Mahajanga, Madagaska. Hiyo Mutsamudu ni ya babu zake."

"Basi ni mtu wa Madagaska. Ni yale yale. Hana mji wa kumsemea."

Mouhidine hakulipenda neno hilo, na hakujua bado kwa nini.

*

Habari ikatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kufika adhuhuri, watu walikuwa wamejaa mbele ya lango la Mawardi wakipiga kelele kwamba wenye kujitenga wametuma mwizi. Kufika alasiri, Kamishna alikuwa na amri mkononi: Touhfat akae mahabusu, na Jumanne apandishwe chombo arudishwe kwao Nzwani, kesi au bila kesi.

"Huko si kwao, Afande," alisema Mouhidine.

"Basi niletee mwizi mwingine kabla ya Jumanne."

Touhfat alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, leso yake imefungwa vizuri, macho makavu. Mouhidine akafungua daftari la maelezo.

"Ijumaa baada ya sala ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu."

"Na nani?"

"Na printa mbovu."

"Bisibisi ni yako?"

"Yangu. Niliiacha Alhamisi nilipofungua kompyuta ya Bwana Idarousse."

"Mbona hukuirudia?"

"Ninazo nne."

"Bwana Idarousse anasema ulijua umeshindwa."

"Bahasha zilikuwa zimefungwa, Inspekta. Yeye amejuaje nani ameshindwa?"

Kalamu ya Mouhidine ikasimama. Akainua uso akamtazama binti huyu vizuri kwa mara ya kwanza.

"Unaogopa?" alimuuliza, na swali hilo halikuwa la daftarini.

"Naogopa sana." Akaikaza leso yake. "Hapa mimi wa Mutsamudu. Mutsamudu mimi wa Madagaska. Madagaska walitufukuza kwa kuwa ni Wakomoro. Nimekwisha kufukuzwa mara moja, nikiwa nimeshika sufuria ya mama yangu. Wakinifukuza tena, sawa, nitakwenda. Lakini wasinifukuze na jina la mwizi. Jina ndilo pekee nililojitafutia mwenyewe."

Mouhidine alitoka pale amekasirika, na yeye akikasirika hufanya kazi vizuri.

Akarudi ofisini kwa Bi Hadjira, akaomba ufunguo wa kabati. Bi Hadjira akauvua shingoni. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amekwisha kupaka unga wake na kuondoka na kichwa kinauma: alama za Touhfat kwenye bisibisi, na kabatini alama za kila mtu hadi mfagizi. Mouhidine hakujali unga. Alitaka kuona ulimi wa kufuli.

Akauzungusha ufunguo. Ulimi ukatoka, taratibu, umenyooka, unang'aa, hauna hata mchubuko.

"Bi Hadjira, njoo uone nimeona nini."

Akainama.

"Kabati likiwa limefungwa," alisema Mouhidine, "ukalivunja kwa bisibisi, kinachoumia kwanza ni huu ulimi. Utapinda, au utakwaruzika. Huu mzima. Kwa hiyo ulikuwa umerudi ndani mlango ulipopindwa. Mwizi alifungua kwa ufunguo, akachukua, kisha akapinda mlango tudhani umevunjwa."

Bi Hadjira akauchomoa ufunguo kwenye kufuli.

"Funguo ni mbili," alisema. "Huu sivui hata nikioga."

"Na wa pili?"

"Anao Idarousse."

*

"Ijumaa? Nilikuwa Itsandra," alisema Bwana Idarousse, mguu juu ya mguu. "Karamu ya ndoa kuu. Tangu sala ya Ijumaa hadi magharibi. Uliza mji mzima."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Hukutoka hata kidogo?"

"Kabla ya kupokea fungu langu? Inspekta, kwani wewe umezaliwa wapi?"

"Ulilipokea mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

Ndoa kuu, kwa asiyejua, ni ile harusi inayomfanya mwanamume wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, awe mtu kamili mbele ya mji wake. Akishaifunga ana vazi lake, ana mahali pake pa kukaa, ana zamu yake ya kusema, na katika kila karamu ana fungu lake la nyama na keki, likitolewa kwa kuitwa jina. Usije ukadhani hicho ni chakula. Hicho ni cheo kilichokatwa kwa kisu. Watu wamenuniana miaka kumi kwa ajili ya ubavu mmoja.

Mouhidine aliuliza watu kumi na wawili waliokuwa Itsandra, mji wa jirani. Wote kumi na wawili walimwona Idarousse. Alipowauliza walimwona saa ngapi, kila mmoja akaanza kukuna kichwa. Mia mbili wameketi safu kwa safu, mashairi yanasomwa, nyama inanukia, nani anamwangalia jirani?

Akaona hapo amegonga ukuta. Kitu kimoja tu hakikumtoka kichwani. Mtu haibi bahasha iliyofungwa ila anajua kilichomo, au anaogopa kilichomo. Bahasha mbili ziliandikwa hapo ofisini. Ya tatu ilitoka ng'ambo, na aliyeiandika hana simu.

"Nataka ruhusa ya kwenda Mutsamudu," alimwambia Kamishna.

"Umeingiwa na wazimu? Polisi wa Moroni, Mutsamudu? Watakutoa roho!"

"Basi nipe Jumapili yangu ya mapumziko."

"Mapumziko chukua. Mimi sijui uendako."

*

Ndege ndogo ilimshusha Jumapili asubuhi. Barabara ya kutoka uwanjani ilikuwa na gogo katikati, na nyuma ya gogo vijana wanne wenye bunduki, mkubwa wao hajafika miaka ishirini na mitano.

"Jina?"

"Mouhidine."

"Kazi?"

Hapo alikuwa na uongo wake tayari, ameuandaa tangu angani, uongo mzuri kabisa wa shangazi mgonjwa. Ukamkauka mdomoni.

"Polisi."

"Polisi wa wapi?"

"Wa Moroni."

Loo! Bunduki zikainuka zote nne. Dereva wa teksi akajikunja chini ya usukani akaanza kusoma dua.

"Umekuja kumkamata nani?"

"Simkamati mtu hapa. Moroni yuko binti atakayefukuzwa keshokutwa kwa sababu babu yake alikuwa wa mji huu. Nasema hakuiba. Ushahidi uko kwenu. Mkinirudisha, atakuja kwenu na jina la mwizi. Mkinipitisha, huenda asije."

Vijana wakatazamana. Mkubwa wao akajikuna shavu kwa mtutu, jambo ambalo Mouhidine hakutamani kuliona tena maishani.

"Nani anakujua hapa?"

"Fahami wa ghala la Mawardi."

"Fahami ni jirani wa mama." Akasukuma gogo kwa mguu. "Ikifika alasiri bado uko mjini, mimi sikukuona."

Fahami alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, ghala lake linanukia karafuu mpaka macho yanawasha. Aliposikia bahasha imeibwa alikaa juu ya gunia.

"Uliandika nini?" aliuliza Mouhidine.

"Nilimchagua Touhfat."

"Kwa nini?"

"Alikuja hapa akakaa siku tano. Yule wa Reunion hakuja hata saa moja, alituma picha. Touhfat aliniuliza pipa likiingia naliandika kwa siku ipi. Nikamwambia, kwa siku lilipoingia. Akasema Moroni wanaandika kwa siku linapouzwa, ndiyo maana kila mwezi mnagombana. Miaka minne tunagombana, bwana! Bi Hadjira ananiita mzembe, mimi namwita kipofu, na huyu binti kaona kabla hajavua viatu."

"Na sababu za kumkataa wa Reunion?"

Fahami akavua miwani, akaifuta.

"Walileta barua ya sifa. Imetoka kwa mteja wao wa mji huu huu, Boina, muuza karafuu. Anasema programu wamemfungia, inafanya kazi ajabu. Bi Hadjira amenifundisha, muuzaji usimuulize kitu, muulize aliyenunua. Basi nikatembea mpaka kwa Boina."

"Ukakuta nini?"

"Twende ukaone mwenyewe."

Duka la Boina lilikuwa ndani ya vichochoro vya mji wa kale. Mzee mnene, mpole, mwenye haya usoni tangu walipoingia. Fahami akamwamkia, "Kwezi, mzee," naye akaitikia huku anatazama pembeni. Kompyuta ilikuwepo, juu ya rafu, ndani ya plastiki yake, na juu ya plastiki kuna sinia la karafuu.

"Programu inafanya kazi?" aliuliza Mouhidine.

"Vizuri mno."

"Iwashe."

"Umeme umekatika."

Wote watatu wakainua macho. Juu ya vichwa vyao feni ilikuwa inazunguka, tena kwa bidii.

Boina akacheka, kisha kicheko kikamgeuka akafunika uso.

"Barua ililetwa imekwisha kuandikwa," alisema. "Nilitia sahihi tu."

"Aliileta nani?"

"Aliituma Idarousse. Tumesoma chuo kimoja, yeye na mimi. Kompyuta pia aliituma yeye, nikaambiwa niiweke tu watu waione. Siijui hata inafunguliwa wapi."

"Fahami alipokuja kuuliza, ulifanya nini?"

"Niliona aibu ya kufa. Kwenye ndege ya Ijumaa asubuhi kulikuwa na msafiri anakwenda Ngazidja, nikamtuma amwambie Idarousse: Fahami amejua, na ameandika."

"Msafiri alikuwa anakwenda wapi hasa?"

"Itsandra. Kwenye ndoa kuu."

Mouhidine alihisi damu inamchemka kwa furaha. Aliandika maelezo ya Boina, akamsomea, naye akatia sahihi. Kisha akamgeukia Fahami.

"Na barua yako imekwisha potea."

"Imepotea?" Fahami akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Mimi ni mtu wa ghala. Siandiki kitu bila karatasi ya kaboni."

Alasiri Mouhidine alilipita lile gogo kwa miguu. Wale vijana walikuwa wanatazama baharini, wote wanne, kwa makusudi kabisa.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa na sababu ya wizi mkononi, na bado hakuwa na mwizi. Wakili yeyote angesimama akasema: bwana huyu alikuwa karamuni, mia mbili wamemwona. Mouhidine aliufikiria mkono wa Idarousse. Kwa mkono wangu huu. Haya. Na fungu lilikwenda wapi?

Kwa mkewe haliendi. Hilo kila Mngazidja analijua: fungu la mwanamume hurudi kwenye nyumba ya mama yake, na kama mama hayupo, kwa dada.

Dada wa Idarousse aliitwa Moinahalima, na nyumba yake ilikuwa Badjanani, karibu na Msikiti wa Ijumaa wa kale. Alimkaribisha Mouhidine kwa kahawa na vitumbua, mwanamke mchangamfu, anapenda watu wake wasifiwe.

"Nasikia karamu ya Itsandra ilifana," alisema Mouhidine.

"Uulize! Fungu la kaka yangu peke yake tumekula na majirani wanne. Ubavu mzima, bwana! Limefunikwa kitambaa cheupe."

"Alikuletea mwenyewe?"

"Mwenyewe kwa nini? Lililetwa na wenyeji." Akatutumua kifua. "Watu wa Itsandra, hapa hapa mlangoni, majirani wote wanaona. Kaka yangu aliitwa kwa dharura, masikini, fungu halijagawiwa. Akawaambia, jina langu likiitwa, liwekeni, mlipeleke kwa dada yangu. Wakaleta! Mtu wa cheo chake fungu lake halipotei hivi hivi."

Mouhidine alikunywa kahawa yake yote, moto moto, ili asicheke. Alimshukuru, akaondoka, akapanda gari mpaka Itsandra kwa aliyesoma majina. Daftari likatolewa. Mstari wa jina la Idarousse ulikuwa na maneno matatu: hayupo, apelekewe Badjanani.

"Aliondoka saa ngapi?"

"Baada ya kuongea na mgeni mmoja wa Mutsamudu. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa."

"Daftari hili naliazima."

"Lirudi. Kuna watu wanadai hawakupewa."

*

Saa kumi jioni, mkataba ulikuwa mezani kwa Bi Hadjira. Idarousse alikuwa amekwisha kuuandaa, na kando yake alisimama Abdourahim, mtoto wa dada yake, ndani ya tai inayombana. Abdourahim ndiye aliyekuwa wakala wa ile kampuni ya Reunion.

"Leo ndiyo mwisho," Idarousse alikuwa anasema. "Wa Reunion hawangoji. Bahasha zimepotea, mwizi amekamatwa, tia sahihi tumalize."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mouhidine, na nyuma yake Touhfat na koplo mmoja. Nje, watu wa langoni walikuwa bado wapo, sauti zao zinapanda kupitia dirishani.

"Swali moja tu, Bwana Idarousse," alisema Mouhidine. "Lile fungu lako lilikuwa nyama ya wapi?"

"Nini?"

"Ulilipokea kwa mkono wako. Ilikuwa nyama ya wapi?"

"Paja," alisema Idarousse.

"Dada yako anasema ubavu."

Mouhidine akainua daftari la Itsandra.

"Limeletwa na watu wa Itsandra, limefunikwa kitambaa cheupe. Na daftari la majina hili hapa. Nisome?"

"Niliitwa kwa dharura."

"Na nani?"

"Mtu tu."

"Msafiri wa Boina?"

Uso wa Idarousse ukageuka majivu. Mouhidine akaweka mezani karatasi moja baada ya nyingine: maelezo ya Boina, nakala ya kaboni ya Fahami, daftari la Itsandra. Bi Hadjira akaichukua ile nakala, akasoma mpaka mwisho, midomo inacheza.

"Uliondoka karamuni kabla ya alasiri," alisema Mouhidine. "Ukafungua kabati kwa ufunguo wako. Ukachukua zote tatu isijulikane unataka ipi. Bisibisi ya binti huyu ilikuwa juu ya meza yako, ukapinda mlango nayo, ukaiacha. Laiti ungeliacha fungu lako lipotee, wallahi nisingekupata."

"Fungu langu lipotee?" Idarousse aliruka kwa hasira ya kweli. "Miaka kumi na tisa naitwa jina! Siku moja likiitwa na pasiwe na wa kulipokea, watasema nini?"

Akasikia mwenyewe alichokisema. Akaketi polepole.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Hadjira. "Nimekunyima nini mimi?"

"Hukuninyima kitu."

"Walikuhonga?"

"Hakuna aliyenihonga! Sikupokea hata senti." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Nilisema mbele ya mji. Mwezi wa saba, bangweni, uwanjani kwa mji, wanaume wote wamekaa. Nilisimama kwa zamu yangu nikatangaza kwamba mwanangu huyu, mtoto wa dada yangu, ndiye atakayeshika kazi kubwa ya Mawardi. Wazee wa upande wa binti anayemposa wakasikia, wakatoa neno lao la kumkubali papo hapo. Nilidhani utamchagua tu. Nani angemchagua yule? Hana mjomba, hana baba wa kusimama bangweni. Kisha nikaona majaribio yake, nikajua ninashindwa. Na mtu akishasema mbele ya mji, Hadjira, halirudi."

"Mjomba," alisema Abdourahim taratibu, amelegeza tai. "Mimi sikukuomba. Hata wale wa Reunion hawajui habari ya Boina. Nilidhani barua ni ya kweli."

Idarousse hakumtazama.

"Bahasha ziko wapi?" aliuliza Mouhidine.

"Ya Fahami niliichoma. Hizo nyingine zimo ndani ya sanduku langu la nguo."

"Yangu umeifungua?" aliuliza Bi Hadjira.

"Sikuthubutu."

"Ungefungua ungejiokoa taabu. Nimemchagua Touhfat tangu siku aliponiambia usoni kwamba nusu ya ninayoyataka siyahitaji. Mimi ndiye mwenye kampuni: ungeshindwa kwa bahasha yangu, hata baada ya kuichoma ya Mutsamudu."

Idarousse akafunga macho.

 Touhfat akasogea mpaka mbele ya meza. 

"Bwana Idarousse," alisema kwa adabu, kama mtu anavyosema na mkubwa wake. "Ulinisema kwa watu wale walioko nje."

"Nimekiri. Yameandikwa."

"Yameandikwa polisi. Wao hawasomi daftari la polisi."

Mouhidine akaelewa, akampa koplo ishara afungue dirisha. Bi Hadjira akasimama kando ya kiti chake, akingoja.

Wakati wote wa kazi yake Mouhidine hajaona hatua nne ndefu kama zile. Idarousse alikwenda mpaka dirishani. Watu walipoiona kofia yake wakamshangilia. Akainua mkono, kama anavyoinua bangweni, na wakanyamaza, kwa kuwa yeye ni mtu wa kunyamaziwa.

"Si yeye," alisema. Sauti ikakwama, akairudia kwa nguvu. "Sikilizeni! Binti huyu hakuiba. Mimi ndiye niliyeiba, mimi Idarousse, na nikamsingizia. Sababu ni maneno niliyoyasema mbele yenu mwezi wa saba."

 Mouhidine alimpa muda ashuke pale dirishani mwenyewe, ndipo akamtia pingu.

"Touhfat," alisema, "kuna mlango wa nyuma, ukitaka."

"Nilikamatwa kwa mlango wa mbele."

Akashuka ngazi, akatoka. Watu wakampisha pande mbili. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote tangu Jumamosi, alimtazama, akainamisha kichwa, akasema, "Tusamehe, mwanangu." Kisha akapiga kigelegele, kikali, kikapokelewa na mwingine, na mwingine, mpaka barabara yote ya bandarini ikalia. Touhfat hapo ndipo alipolia machozi, huku anacheka, hajui ashike lipi.

Mouhidine alikuwa ameegemea nguzo ya lango, anaona raha isiyosemeka, wala hakutaka kuificha. Bi Hadjira akaja mbio na mkataba mkononi, miwani imemwangukia puani.

"Unaanza lini?" alimuuliza Touhfat.

"Kesho, Bi Hadjira. Ndege ya Jumanne inaondoka saa ngapi?"

"Jumanne? Unakwenda wapi Jumanne?"

"Mutsamudu," alisema Touhfat akijifuta uso kwa leso. "Kwa nauli yako. Kazi yenyewe inaanzia ghalani."